Tuache Kusafisha Kisichochafuka

Mlandizi, kama miji mingi iliyoota kando ya Barabara ya Morogoro, haikosi muuza dawa mwenye kipaza sauti. Orodha yake ya dalili haibadiliki. Mama, unatokwa na majimaji meupe? Nguo ya ndani inalowa mchana? Kuna siku unateleza na siku nyingine uko mkavu? Basi kizazi kimechafuka, njoo uchukue chupa ya kukisafisha. Ujanja wa tangazo hilo umo katika orodha, wala hauko kwenye chupa. Isikilize taratibu utaona inamweleza kila mwanamke mzima wa umri wa kuzaa, kuanzia Kibaha hadi Maneromango. Muuzaji hajataja ugonjwa hata mmoja. Ametaja afya, kisha akaipangia bei.

Ningemwachia riziki yake kama maneno hayo yangekuwa yake peke yake. Lakini yeye anauza tu imani aliyoikuta sokoni. Shangazi amekwisha kuisema, somo ameifundisha ndani, mume ameidai chumbani, na muuguzi mwenye foleni ndefu ameitibu kwa vidonge bila kuuliza swali la pili. Imani yenyewe ni fupi: mwanamke safi ni mkavu, akilowa ni mchafu, akiwa mchafu ni mgonjwa, na tiba ni kuosha ndani, kukausha, au kumeza antibayotiki. Naipinga yote, toka kichwa hadi mkia. Magonjwa yapo, wala sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba imani hii inamfanya mwanamke apigane na afya yake mwenyewe, na siku ugonjwa wa kweli unapobisha hodi anakuwa hana namna ya kuutambua.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwanamke aliyevunja ungo hutokwa na ute kila siku, kwa kawaida kati ya mililita moja na nne, yaani haujazi hata kijiko kimoja cha chai. Unatoka kwenye shingo ya kizazi na kuta za uke, ukiwa umebeba chembe kuukuu za ngozi ya ndani ambazo mwili umezipumzisha. Homoni ya estrojeni huzifanya kuta hizo zihifadhi sukari ya aina ya glaikojeni, na sukari hiyo huwalisha bakteria rafiki waitwao laktobasili. Wao hutoa asidi ya laktiki, ileile inayogandisha mtindi, na asidi hiyo huwazuia wadudu wengi wa maradhi wasistawi. Daktari wa Kijerumani Albert Döderlein aliwaeleza bakteria hao mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya nchi yake kushika rasmi utawala wa pwani hii. Kwa hiyo hili si jambo jipya la watu wa mitandao. Lina umri wa zaidi ya miaka 130.

Ute huo una kalenda yake. Hedhi ikikatika, siku chache huwa kavu. Yai linapokaribia kupevuka, ute huwa mwingi, mwangavu, unaovutika kati ya vidole kama ute wa yai la kuku. Yai likishatoka, hugeuka mzito na mweupe, kisha hupungua hadi hedhi nyingine. Kule Melbourne, Australia, kuanzia mwaka 1953, daktari John Billings na baadaye mkewe Evelyn walijenga juu ya mabadiliko haya njia nzima ya kupanga uzazi, na Wakatoliki wengi duniani wamefundishwa njia hiyo. Binti naye huanza kuona ute miezi kadhaa kabla ya hedhi yake ya kwanza. Mwili unatangaza ujio wa jambo kubwa, naye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, anadhani ameoza. Huwezi kumwambia mtu kwamba saa yake ni mbovu kwa sababu tu mshale unatembea, lakini hivyo ndivyo tunavyowaambia wanawake kila mwezi.

Sasa twende kwenye tiba. Uke wenye afya huwa na pH kati ya 3.8 na 4.5, yaani ni wa asidi. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Anayepitisha sabuni ndani anaimwaga asidi iliyokuwa ikimlinda, na pamoja nayo anawafukuza bakteria walioitengeneza. Limao na siki ni asidi kweli, lakini ni asidi ya kuunguza tu, haiwarudishi waliofukuzwa. Shabu hukaza kwa kukausha na kuchubua. Vidonge vya mitishamba vya kutumbukiza huacha vidonda vidogo visivyoonekana kwa macho. Uwanja ukishakuwa mtupu, wanaohamia kwanza ni bakteria wa harufu mbaya, ile harufu ya samaki. Mwanamke akisikia harufu hiyo anaongeza kuosha, na kadiri anavyoosha ndivyo harufu inavyozidi. Muuzaji hahitaji kumtafuta mteja wake tena, maana dawa yenyewe inamrudisha.

Wapo watakaosema hizi ni nadharia za maabara za Ulaya. Basi tuje Mombasa. Kwa takriban miaka kumi watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya elfu moja waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika mji huo, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Ukilinganisha na wasioosha ndani, waliokuwa wakiosha kwa maji matupu walikuwa na hatari ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi iliyozidi maradufu, na waliotumia sabuni au vitu vingine ilikaribia mara nne. Mtu anaweza kusema hao walikuwa na hatari nyingi nyingine, na hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana mwaka 2011 uchambuzi mwingine ulikusanya tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, zenye wanawake zaidi ya 14,000. Tofauti ilipungua, lakini mwelekeo haukugeuka: sabuni, vitambaa vya kujikaushia ndani na vitu vya kubana, vyote viliambatana na maambukizi zaidi. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kuwa kinga.

Kinachouma zaidi ni upande wa uzazi. Wateja wengi wa chupa ya kusafisha kizazi ni wanawake wanaotafuta mtoto. Mwanamke huyo siku zake za rutuba zikifika anauona ule ute unaovutika, ambao kazi yake ni kuzipokea mbegu za mwanamume, kuzilinda dhidi ya asidi na kuzipitisha kwenye shingo ya kizazi. Yeye anauona kuwa uchafu, anauosha, halafu anamsubiri mumewe akiwa mkavu. Mwezi ukipita bila mimba, anaambiwa kizazi bado kichafu, aongeze chupa. Kuna wanaonunua utasa kwa fedha waliyoiweka akiba ya kutafuta mtoto. Kizazi kina utaratibu wake: hujisafisha kwa hedhi, na uke hujisafisha kwa ute. Kinachohitaji maji ni sehemu za nje tu, na maji safi bila manukato yanatosha.

Najua nitaambiwa nagusa mila. Wanaotetea kukausha husema ndivyo bibi zetu walivyofundwa. Wazaramo, ambao Kisarawe na Kibaha ni kwao, walimweka mwali ndani muda mrefu, na mafunzo yake yakafungamana na mti wa mkole. Mtafiti Mfini Marja-Liisa Swantz aliyeishi na Wazaramo aliandika kwa kirefu juu ya ibada na alama zao katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mkole ni wa ukoo mmoja na bamia, mimea inayojulikana kwa utelezi wake. Kwa usomaji wangu, watu waliouchagua mti kama huo uwe alama ya uzazi hawakuwa watu wa kuchukia utelezi. Na tazama vinavyouzwa leo kwa jina la mila: sabuni yenye manukato, jeli ya kwenye tyubu, maji ya chupa yenye lebo. Hivyo vina kiwanda, vina msambazaji na vina faida. Kumsingizia bibi biashara ambayo hakuifanya ni kumkosea adabu.

Wengine wataleta dini, na pwani hii dini ni jambo la kuheshimiwa. Lakini istinjaa, kama inavyofundishwa na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, inamtaka mwanamke aoshe kile kinachoonekana anapochutama. Haikumtaka achokonoe ndani. Kama ute unagusa udhu wake, hilo ni suala la kumuuliza sheikh, na jibu lake ni kutawadha. Halina uhusiano wowote na shabu. Na anayesema mambo haya hayazungumzwi akumbuke kwamba Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume mwenyewe kuuliza juu ya damu isiyokatika, akajibiwa kwamba hiyo ni ya mshipa, si hedhi. Bibi Aisha naye aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kutozuiwa na haya kujifunza dini yao. Haya inayomnyima mwanamke elimu ya mwili wake tumejitungia wenyewe.

Wahudumu wa afya nao wasicheke pembeni, maana imani hii imevaa koti jeupe pia. Utaratibu wa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara, una historia ya heshima nchini. Jaribio la Mwanza lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba kuboresha tiba hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Hakuna anayepaswa kulidharau hilo. Utaratibu huo unafanya kazi vizuri kwa mwanamume anayetokwa na usaha na kwa mtu mwenye kidonda. Kwa ute wa mwanamke ni dhaifu, kwa sababu mbili zinazojulikana: wanawake wengi wanaolalamikia majimaji hawana ugonjwa wa ngono, na wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili yoyote. Kwa hiyo tunamtibu asiyeumwa na kumpita anayeumwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unahimiza vipimo pale vinapopatikana, na kumchunguza mwanamke kwa macho pale visipopatikana. Kusikia neno “majimaji” na kuandika dawa tatu kwa pamoja si kufuata mwongozo.

Matokeo yake tunayajua kwa jina lake la mtaani: U.T.I. sugu. Mwanamke anapewa kikopo, anakojoa bila kuelekezwa, mkojo unapita juu ya ute na kubeba chembe zake, na hadubini inaonyesha seli nyeupe. Anaandikiwa antibayotiki kwa ugonjwa wa njia ya mkojo, njia ambayo ni tundu jingine kabisa. Antibayotiki inawaua laktobasili, fangasi wanapata nafasi, anaanza kuwashwa, anarudi dukani. Sasa ana “fangasi sugu” juu ya “U.T.I. sugu”. Sentensi moja ya muuguzi, kwamba ajisafishe nje kwanza, aache mkojo wa mwanzo upite na akinge wa katikati, ingemwokolea fedha na miezi ya mateso. Sentensi hiyo haihitaji bajeti.

Na mume? Yeye amezoea kusema, “Umechafuka, nenda katibiwe,” kisha akageukia ukutani. Mwezi Machi 2025, watafiti wa Melbourne walichapisha jaribio juu ya ile hali ya bakteria wenye harufu ya samaki. Pale mwanamke alipotibiwa peke yake, tatizo lilirudi kwa asilimia 63 ndani ya wiki 12. Pale mwenzi wake naye alipotibiwa, kwa vidonge na krimu ya kupaka, lilirudi kwa asilimia 35. Kwa lugha ya nyumbani, huenda unayemwita mchafu unamrudishia wewe mwenyewe kila anapopona. Mwanamume anayetaka mke asiye na harufu aende naye kwa daktari, tena aache kumdai ukavu, kwa kuwa ukavu humchubua mwanamke, na mchubuko ni mlango wa maambukizi kwa wote wawili.

Mimba ikiingia, imani hii inakuwa ya hatari zaidi. Estrojeni hupanda, damu huongezeka sehemu za nyonga, na ute huongezeka pia. Ni mweupe au mwangavu, hauwashi, hauna harufu kali. Ni kawaida kabisa. Lakini mjamzito anaambiwa mimba inataka kuharibika, au mtoto atazaliwa mchafu, basi naye anaanza kuosha. Hata mtoto anapozaliwa na ule utando mweupe wa mafuta, wapo wanaomsema mama kwamba alilala na mume hadi siku za mwisho. Utando huo hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe tumboni, nao humlinda. Ndiyo sababu moja Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Tunamtuhumu mama kwa ushahidi ambao mtoto aliutengeneza.

Wakati huohuo, mambo ambayo kweli yangemkimbiza mjamzito hospitali hatumfundishi. Maji mepesi yanayochuruzika bila kuzuilika, hata kama hakuna uchungu, yaweza kuwa chupa imepasuka, asingoje kesho. Yakiwa na rangi ya kijani, mtoto amejisaidia tumboni. Aende saa hiyohiyo. Damu mbichi, iwe nyingi au kidogo, mimba iwe changa au pevu, ni ya kuonwa na mtaalamu. Ute mzito wenye michirizi ya damu ni dalili ya uchungu kukaribia, jambo jema katika wiki za mwisho na la hatari kabla ya wiki ya 37. Kuwashwa na ute mzito kama mtindi ni fangasi, ambao huwapata wajawazito zaidi kuliko wengine. Hutibiwa kwa dawa ya kutumbukiza aliyopewa kliniki, na vidonge vya kumeza vya fangasi asijinunulie dukani. Akishajifungua, damu ya nifasi hubadilika toka nyekundu hadi kahawia hadi nyeupe na huweza kuchukua hadi wiki sita. Ikinuka, tena na homa, asikae nyumbani.

Asiye na mimba naye ana alama zake. Ute wa kijivu mwepesi wenye harufu ya samaki. Ute wa njano au kijani wenye povu. Usaha pamoja na maumivu ya chini ya tumbo na homa. Na juu ya zote, damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, au damu kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 nchini huugua saratani ya shingo ya kizazi kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufa. Ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika, uchunguzi wake wa kupaka siki hufanyika vituoni kwa dakika chache, na chanjo ya wasichana imetolewa nchi nzima tangu 2018. Lakini mwanamke aliyefundishwa kwamba kila kinachotoka ni uchafu atapeleka damu hiyo kwa muuza chupa. Atasafisha, atangoja, atasafisha tena. Hii ndiyo gharama kubwa ya imani ninayoipinga: imezipa dalili zote jina moja, na kwa kufanya hivyo imeizima kengele.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni kwamba watu hawatabadilika. Walikwisha badilika. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yalikuwa yakikamuliwa na kumwagwa kwa sababu yalionekana machafu. Leo mama anafundishwa kliniki kwamba hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na bibi anayesema yamwagwe ndiye anayeonekana wa ajabu. Hakikutumika kiwanda wala mashine. Yalitumika maneno, yakarudiwa kila asubuhi kwenye mabenchi ya kliniki, hadi yakashinda. Na aibu nayo imewahi kushindwa hapahapa: Mlandizi ndiyo iliyotoa timu ya soka ya Mlandizi Queens, mabingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake, msimu wa 2016/2017. Mji uliowatazama mabinti zake wakikimbia na kutoka jasho mbele za watu, ukashangilia, unaweza pia kuwaambia ukweli juu ya ute.

Kwa hiyo madai yangu ni ya kawaida kabisa. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto aweke dakika kumi za somo hili kabla hajaanza kupima uzito. Somo na kungwi waongeze kalenda ya ute katika mafunzo yao, kwa kuwa hakuna anayesikilizwa na mwali kuliko wao. Mwalimu wa kike shuleni amwambie binti kabla hajaogopa. Muuza duka la dawa aulize rangi, harufu, muwasho, damu na mimba kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Na mamlaka zinazosimamia dawa na matangazo zimuulize yule wa kipaza sauti swali moja: chupa yake inatibu ugonjwa gani? Akishindwa kuutaja, azime spika.